Pingamizi Namba Arobaini na Moja

Kitabu cha kanuni kilichotolewa na kamati yetu kina majina thelathini na mawili ya wahandisi kwenye ukurasa wa mbele, na langu halimo. La fundi mmoja wa hospitali pia halimo. Sisemi kwa kinyongo. Haya, nasema kwa kinyongo kidogo. Lakini katika ukurasa wa mia moja na tisa kuna mistari minne ambayo isingeandikwa kama si yeye, na mistari hiyo ilichelewa karibu miaka mitatu kwa sababu yangu mimi. Nimelibeba jambo hili vya kutosha.

Nilikuwa karani wa kamati iliyounda lugha ya majengo. Najua inachekesha. Dada yangu nilipomwambia kwenye simu alicheka mpaka watoto wake wakaja kuuliza kuna nini. Basi nikueleze kama nilivyomweleza yeye. Jengo kubwa, tuseme hospitali, lina feni za kuvuta hewa, pampu, mitambo ya kupoza, lifti, king'ora cha moto. Siku hizo kila kampuni iliuza mashine zinazoongea kwa namna yake ya siri. King'ora cha kampuni hii kikilia kwa ajili ya moshi, feni ya kampuni ile haikuwa na habari, iliendelea kupuliza moshi ule ule vyumbani kwa uaminifu mkubwa. Na ukishanunua mtambo wa mtu umefunga naye ndoa: spea kwake, fundi kwake, kompyuta kwake, mpaka jengo lianguke. Ndipo watu wachache walipochoka, wakasema iwepo lugha moja ya wazi, isiyo mali ya mtu, ambayo kampuni yoyote itaisoma na kuitumia bila kumpigia mwingine magoti.

Kusema ni rahisi. Kamati ilikaa miaka tisa. Kampuni zilileta wahandisi wao, na kila mmoja alikuwa ameagizwa na wakubwa wake ahakikishe lugha mpya inafanana na ya kwao. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakibishana vikao viwili, asubuhi hadi jioni, kama swichi ya taa ni kitu kimoja au vitu viwili. Mmoja tulimwita Nusu Saa, kwa sababu kila aliposimama aliomba nusu saa tu, na hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani mambo yanapomzidi. Mimi nilikaa pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka, nikiandika waliyosema na kuyaacha waliyotukanana.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla. Ofisini nilikula chakula cha mchana mezani kwangu, kiti nimekigeuzia ukuta ili watu wadhani nasoma. Sikuwa na ugomvi na mtu wala urafiki na mtu. Dada alipiga simu Jumapili, na kabla hatujafika popote mtoto mmoja alishamwaga kitu, naye dada akasema nitakupigia. Nilikuwa mpweke, na sioni kwa nini nitafute neno jingine.

Sasa, kamati ilikuwa na utaratibu wake. Kila rasimu ilipokamilika ilitangazwa hadharani, na mtu yeyote, awe profesa awe mfagizi, aliruhusiwa kuipinga. Pingamizi lilipewa namba. Kila namba ilibidi ijibiwe kwa barua, na aliyepinga atie sahihi kwamba ameridhika. Asipotia, rasimu inarudi mezani, kisha inatangazwa upya, na kila tangazo tuliliita duru. Fomu ilikuwa na visanduku viwili juu: Kiufundi na Uhariri. Za kiufundi walijibu wahandisi. Za uhariri, yaani koma, herufi kubwa, sentensi ndefu kupita kiasi, nilijibu mwenyewe bila kumuuliza mtu. Na fomu isiyotiwa alama popote, kwa kanuni niliyoipiga chapa kwa vidole vyangu hivi, ilihesabiwa kuwa ya uhariri.

Namba arobaini na moja ilikuja imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa kubwa. Visanduku vitupu. Mwandishi alikuwa fundi wa mitambo ya hewa wa hospitali moja, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka kwetu. Aliandika hivi:

"Kwenye kifungu cha amri mmesema amri ya mwisho kufika ndiyo itakayofuatwa. Si sawa. Mtu aliyesimama mbele ya feni asikilizwe kuliko aliye mbali. Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama, maana goti langu likikunjwa halikunjuki."

Niliisoma sentensi ya goti mara tatu. Katika mapingamizi zaidi ya mia tano, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na goti.

Nilimjibu kwa maneno yetu ya siku zote: maoni yako yamepokelewa na kuzingatiwa, lugha ya kifungu imerekebishwa. Na kweli niliirekebisha. Palipoandikwa "amri ya mwisho kufika" niliandika "amri iliyofika mwisho", nikajiona nimefanya kazi. Kisha, bila ruhusa ya mtu, nikaongeza mstari chini: Kamati inakutakia afya njema. Nilipolamba bahasha niliutazama mlango kama msichana anayeficha barua ya mapenzi. Dada yangu akisoma hapa atanitania mpaka kaburini.

Fomu haikurudi na sahihi. Lilirudi pingamizi upya, kwenye duru iliyofuata, kwa namba ile ile na penseli ile ile. "Mmepamba sentensi, feni ni ile ile. Amri ya mbali isimshinde mtu aliye hapo. Huku chini maji yameingia na mvua, nimeegemeza fomu kwenye pampu ndiyo maana ina alama ya duara." Nikairekebisha tena sentensi, safari hii nikaikata vipande viwili. Chini nikaweka: Kamati inatumaini mvua zimepungua.

Duru ya tatu aliandika kwamba paka amezaa ndani ya boksi la vichujio vya akiba, na kwa hiyo vichujio havitabadilishwa mwezi huu. Nikajibu: Kamati inakupongeza. Duru ya nne aliandika kwamba kifungu sasa kimekuwa kirefu na maandishi yake ni madogo. Zamani mke wake alimsomea, tangu afariki anasoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Nilianza mstari wa chini mara sita, nikachana karatasi mara sita. Mwishowe ukawa maneno manne: Kamati inakupa pole sana.

Hapa ndipo pa kunyoosha maelezo. Kufikia duru ya pili nilishajua kwamba hili si suala la koma. Mimi si mhandisi, lakini nilikuwa nimewasikiliza wahandisi miaka sita, na hata sufuria ikikaa jikoni miaka sita inajua chumvi iko wapi. Nilipaswa kuichukua fomu ile, niiweke kwenye rundo la kiufundi, basi. Sikuiweka. Ikienda huko angejibiwa na Nusu Saa, na bahasha ya penseli ingetua kwenye meza nyingine. Nikajiambia mzee wa watu ni mpweke, anapinga ili apate barua, na mimi namfanyia wema. Ndivyo nilivyojidanganya, na uongo huo ulinitosha kwa miaka.

Mwisho wa duru ya nne mapingamizi yote mengine yalikuwa na sahihi. Lilibaki moja. Mwenyekiti aliishika karatasi yangu ya takwimu kwa vidole viwili.

"Mama, huyu namba arobaini na moja ni nani?"

"Ni fundi wa hospitali, Mwenyekiti. Mambo ya uhariri tu."

"Uhariri? Kampuni sita zimekubaliana jambo, halafu tunakwamishwa na koma?" Akavua miwani. "Nenda kwake. Mpe hata koma kumi. Rudi na sahihi."

Nilivaa gauni la bluu. Ninaliandika hilo kwa sababu nataka kusema kweli yote. Nilipanda basi alfajiri nikiwa na fomu kwenye bahasha na pakiti ya biskuti kwenye mkoba, na njia nzima nilipanga nitakavyocheka atakaponiambia habari za paka.

Hospitali ilinituma chini, ngazi mbili, kisha korido yenye mabomba kichwani, kisha mlango wa chuma. Fundi alikuwa mfupi kuliko nilivyomjenga akilini, miwani yake imefungwa kwa uzi, umri wake kama sitini. Mbele yake kulikuwa na feni kubwa kuliko jiko langu, imefungwa ndani ya sanduku la bati lenye mlango. Kabla hajausogelea mlango ule alifungua paneli ukutani, akachomoa fyuzi, akaitia mfuko wa shati, akaufunga mfuko kwa kifungo. Ndipo alipogeuka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umepotea, dada? Wodi ziko juu."

"Natoka kwenye kamati. Ya lugha ya majengo."

Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. Kisha akavuta kiti pekee kilichokuwepo, akakifuta kwa kitambaa, akanipa. Kwenye misumari ukutani kulikuwa na vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa kinang'aa, kingine kina vumbi. Alikiosha chenye vumbi kwa muda mrefu, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Paka alikuja akanusa viatu vyangu.

"Huyu ndiye aliyezaa kwenye boksi," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

Mkono wake ukasimama hewani. "Umejuaje?"

"Si uliandika? Mimi ndiye ninayekujibu."

"Wewe? Mtu?" Akaweka chupa chini. "Mimi nilidhani ni mashine. Barua zote zinaanza sawasawa. Nikasema kuna kompyuta inatema tu, na mwisho inaongeza salamu. Ndiyo maana nikaandika habari za paka. Nilijua hakuna anayesoma."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Miaka yote ile nilidhani tuko wawili. Nilikunywa chai ili nipate pa kuweka uso, nikaungua ulimi.

Nikajikaza. Nikatoa fomu, nikamwambia kamati iko tayari kubadili maneno yoyote atakayo, atie sahihi tu. Hakuitazama fomu. Alinyanyuka, akaniita kwa kidole hadi kwenye kitufe chekundu kando ya feni.

"Kitufe hiki, kwenye mashine za zamani, ukibonyeza unakata umeme. Kwenye hizi mpya hakikati kitu. Kinatuma ujumbe kwa kompyuta kwamba zima, kompyuta inazima. Sasa kuna kompyuta nyingine kule utawala. Yenyewe saa saba mchana ikifika inasema washa. Na kitabu chenu kinasema asikilizwe nani?"

"Aliyesema mwisho."

"Haya."

Nilidhani amemaliza. Aliufungua mlango wa bati, akanionyesha mkanda mpana wa mpira unaozungusha feni.

"Nilikuwa na mwenzangu humu. Watu walituita Pacha, maana ukimwona mmoja umemwona wa pili. Miaka kumi na tisa. Siku hiyo mkanda ulikuwa unapiga kelele, akataka kuubadili kabla ya chakula. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Mimi ndiye niliyemwambia ingia, nimezima. Saa saba ikafika." Akaufunga mlango taratibu. "Aliondoka hapa na vidole sita. Yuko kwa binti yake, mbali. Haniandikii, hata kalamu ataishikaje? Na hapa mashine zilikuwa za kampuni moja tu. Nyinyi mnataka iwe hivyo kwa majengo yote."

Kikombe nilichokishika kilikuwa cha nani, sikuhitaji kuuliza.

"Wahandisi wamesemaje?" akauliza. "Miaka mitatu hii. Wakubwa wenu wanakataa kwa sababu gani? Niambie tu, sitakasirika."

"Hawajasoma."

"Wote?"

"Ilikuwa kwenye rundo langu. Hukuweka alama kwenye kisanduku."

"Kisanduku gani?"

Nilimwonyesha. Aliisogeza fomu mpaka puani, akaitafuta miraba ile miwili midogo kama mtu anayetafuta sindano. "Hivi? Mimi nilidhani ni pambo."

Ningeweza kuishia hapo. Kosa lingekuwa la fomu, la macho yake, la kanuni. Nilipiga moyo konde.

"Hata bila kisanduku, nilijua," nikasema. "Nilijua ni ya wahandisi. Niliiweka kwangu kwa sababu nilipenda kukujibu. Nilidhani na wewe unaandika ili ujibiwe."

Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mimi sikuwa naandika nijibiwe, dada. Nilikuwa naandika ili mtu mwingine asiingie humo ndani kwa neno langu."

Akatoa fyuzi mfukoni, akairudisha kwenye paneli. Feni ikaanza, na kelele yake ikajaa chumba chote, hatukuweza kusemezana tena. Niliweka kikombe mezani, na biskuti, na fomu isiyo na sahihi. Nikapanda ngazi.

Kwenye kikao kilichofuata niliomba kusema. Karani hasemi, kwa hiyo mwenyekiti alidhani nimeugua. Niliyaeleza yote nimesimama, pamoja na mistari ya Kamati inakutakia na Kamati inakupongeza, na wapo waliocheka pale, siwalaumu. Nikasoma maneno ya fundi kama yalivyo kwa penseli. Kicheko kiliisha chenyewe.

Nusu Saa alisimama. Tulingoja aombe muda wake. Hakuomba.

"Na sisi tunaye mmoja," akasema. "Mkono." Akakaa.

Mwingine wa kampuni nyingine akasema kwao wako wawili. Ilivyoelekea kila mmoja alikuwa na wake, na kila kampuni ilikuwa imemficha majeruhi wake ili washindani wasije wakamtangaza sokoni. Mwenyekiti alivua miwani na hakuirudisha usoni mpaka kikao kikaisha.

Waliandika mistari minne. Inasema amri zisifuatwe kwa zamu ya kufika, zifuatwe kwa ngazi. Ya juu kabisa ni amri ya kuokoa maisha ya watu, moto na mfano wake. Inayofuata ni ya mtu aliye mbele ya mashine. Kompyuta za mbali zisubiri chini mpaka yeye mwenyewe atakapoachia. Niliipiga chapa mimi. Sikugusa hata koma.

Baada ya hapo mwenyekiti aliniita. "Mama, uhariri tutampa mwingine. Wewe utabaki na kumbukumbu za vikao." Nilisema sawa. Sikumwaga unga, kazi nilibaki nayo, lakini bahasha zilihama meza yangu, zote. "Ila jibu la namba arobaini na moja andika wewe," akasema. "Ulilianza mwenyewe."

Niliandika barua fupi. Nilimpa ile mistari minne kwa herufi kubwa ili asihitaji kioo. Nikamwomba radhi, yeye na mwenzake. Chini nilitaka kuongeza mstari, nikaona sina haki tena ya kujificha nyuma ya kamati, nikaacha patupu, nikatia jina langu tu.

Wiki tano zikapita. Mtu mpya wa uhariri alikuja mezani kwangu saa ya chakula, akanikuta nimegeukia ukuta, akasema hii ina jina lako ingawa sijui kwa nini. Ilikuwa fomu. Kisanduku cha Kiufundi kilikuwa kimetiwa alama kwa penseli, alama nene iliyotoboa karatasi. Pale pa Nimeridhika palikuwa na sahihi. Pingamizi namba arobaini na moja lilikuwa limefungwa, na kwa kanuni zetu aliyeridhika hatumiwi tena barua. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, sijui kulieleza vizuri zaidi.

Kisha nikaigeuza.

Upande wa nyuma alikuwa ameandika: "Nimetoa barua zako nne nikazisoma upya, sasa kwa kuwa najua ni za mtu. Sikukujibu wakati ule, nakujibu sasa. Afya: goti limekubali ngazi, halijakubali kuchuchumaa. Mvua: zilipungua siku ile ile barua ilipofika. Pongezi: watoto wa paka walikuwa wanne, mmoja nimempa mpishi. Pole: asante. Hakuna ofisi iliyowahi kunipa pole. Ile mistari nimemsomea Pacha kwa simu, mara mbili. Akasema nimwambie tena ule wa tatu, wa mtu aliye mbele ya mashine. Fyuzi bado naitoa, mimi si mjinga. Miaka mitatu ile sijakusamehe yote, lakini biskuti tulikula, mimi na paka. Na wewe je, nyumbani kuna nani?"

Nilisoma hapo juu ya chakula changu mpaka kikapoa. Swali lile halikuwa na namba. Hakuna kanuni iliyosema lijibiwe na nani, wala kwa maneno gani.

Nikachukua karatasi isiyo na nembo ya kamati. Nikatafuta penseli. Nikaandika: "Hakuna mtu. Ni mimi tu."